Mfungua Koki

Mia na themanini kwa mia na kumi.
Daktari Kokubanza akarudia, akafunga mkanda mkono wa kushoto,
kisha wa kulia,
kana kwamba mikono yangu ni mashahidi
na mmoja wao kasema uongo.

Geji nazijua, nikamwambia.
Miaka kumi na tisa nafungua na kufunga maji ya watu:
Jumatatu Kigogo, Jumatano Mburahati,
Makuburi wakipata, Mabibo wananitukana.
Ufunguo wangu unanifika kifuani.
Nauzamisha shimoni, nageuza robo, nasikiliza.
Bomba likishiba hunguruma. Likiwa tupu hukohoa.

Akacheka. Akageuza karatasi ya majibu yangu,
akachora kichwa upande upande.
"Hapa," akasema, "chini kabisa, ubongo unapokuwa shina
kabla haujashuka kuwa uti wa mgongo,
pana mwenzako."

Mwenzangu!
Hana sare wala buti la mpira.
Ni kishada cha seli, hakifiki punje ya choroko,
na hakilali.
Amri zake hushuka mgongoni,
hutokea ubavuni mwa uti, hupokezana vifundoni,
husambaa kwa neva ziitwazo simpathetiki
(jina hilo nililirudia mara tatu, kama jina la mkwe)
hadi kwenye vimishipa vyembamba kuliko unywele.
Kila kimishipa kimevaa msuli kama pete.
Amri zikija mbio, pete hukaza.
Zikipungua, hulegea.
Basi. Hiyo ndiyo koki.

Na shingoni, pale kinyozi anapopitisha wembe kwa adabu,
wamo wasomaji wa geji.
Ukuta wa mshipa ukitanuka hupeleka habari juu:
yametosha, punguza.

Nikakumbuka usiku wa mgao.
Saa tisa, Mwantumu ananisukuma ubavu: Maji!
Nasimama ghafla gizani
na damu inataka kwenda miguuni, kama maji yote,
yasiyojua njia nyingine ila mteremko.
Sijaipata hata ndala ya pili,
yule wa kisogoni keshageuza robo,
mapajani, tumboni,
na moyo keshauambia: kaza mwendo.
Sijaanguka.
Miaka yote hiyo sijaanguka, wala sikuwahi kuuliza kwa nini.

"Sasa tatizo nini? Fundi mzembe?"
"Hapana," akasema. "Fundi kazoea."
Presha ikikaa juu miaka mingi,
wasomaji wa geji huhama nayo,
juu pakawa ndiyo katikati,
na amri zinaendelea kushuka, kaza, kaza,
kwa nia njema kabisa.

Hapo sikucheka.
Mwaka ule wa bomba la Tabata, geji yangu ilikuwa imekwama.
Ilisoma mbili, kumbe ni tano.
Nikaiamini. Nikafungua zaidi.
Saa kumi alfajiri barabara ikapasuka,
na meza ya Bi Siwatu, mama ntilie, ikaelea na unga wake.
Kwenye ripoti niliandika: uchakavu wa bomba.

Daktari alikuwa anaandika vidonge, aina mbili,
na neno *chumvi*, akalipigia mstari.
Nilitaka kumwambia habari ya Tabata.
Nikauliza saa za kumeza.

Usiku huu zamu ni ya Kigogo, maji ya kwangu mwenyewe.
Mwantumu kanisukuma.
Nimekaa kwanza ukingoni mwa kitanda, kama nilivyoagizwa,
vidole viwili shingoni.
Humo ndani mtu anapiga bomba, anapiga, anapiga.
Taratibu, fundi mwenzangu,
nikamwambia. Robo tu.

Uani, koki ikakohoa.